Sheria ya Benchi la Fundi Viatu

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi viatu, na lina sheria moja tu: mtu hazungumzii mechi ambayo hakuwepo uwanjani, tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Aliyechelewa anakaa, anasikiliza, na hata kuuliza haruhusiwi. Zipo nchi zenye katiba nene zinazovunjwa kila baada ya uchaguzi. Benchi la fundi viatu halina hata kipande cha karatasi, na sheria yake hiyo moja watu wanaiogopa kuliko faini.

Aliyeitunga ni mzee waliyemwita Mizani, kwa kuwa maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye mizani ya malori, nje kidogo ya mji, akitazama mshale ukipanda na kushuka. Madereva walisema hahongeki. Wale wenye hasira zaidi walisema huo si uaminifu, ni kukosa ubunifu tu. Alipostaafu akaihamishia kazi ileile kwa vijana wa sekondari: nani mzito, nani mwepesi, nani amepakia zaidi ya uwezo wake na ataharibikia njiani.

Sheria ilizaliwa siku ambayo muuza magodoro mmoja alikaa benchini na kulieleza goli la Jumamosi, tena kwa mikono na miguu: krosi ilivyotoka kulia, mchezaji alivyojinyonga hewani, kipa alivyobaki amepiga magoti. Wazee walibishana juu ya goli hilo mchana kutwa. Wawili walikwenda nyumbani hawasemeshani. Kesho yake ikabainika kwamba mechi iliahirishwa kwa sababu ya mvua, na muuza magodoro goli lake alilisikia kwa mtu njiani, ambaye naye alilisikia kwa mtu. Mizani akasimama, akatamka ile sheria, na hakuna aliyeomba kura.

Kwa hiyo hakuna aliyepaswa kujua vizuri zaidi ya Mizani kwamba, kwa misimu miwili mizima, yeye mwenyewe alikuwa akizungumza kwa magendo. Uwanjani alikuwepo, tangu mwanzo hadi mwisho. Ila mpira alikuwa hauoni.

Inafaa kueleza walichokuwa wakibishania. Mji una sekondari mbili. Moja iko mlimani, karibu na tangi la maji, nyingine iko bondeni, nyuma ya kiwanda cha mbao. Zina majina rasmi, yamepakwa rangi kwenye mageti, na hakuna anayeyatumia. Watu husema Juu na Chini. Kila mwisho wa muhula wa pili shule hizi, pamoja na chache za vijiji vya jirani, hugombea ngao ya bati ambayo haiwezi hata kubandikwa ukutani bila kuinama upande mmoja. Baada ya hapo huchaguliwa vijana wachache wa kwenda kombaini, timu ya pamoja ya wilaya, na kutoka huko, inasemekana, mtu anaweza kufika mbali. Katika kumbukumbu ya benchi aliyefika mbali ni mmoja, na yeye alifika mbali kwa udereva. Hilo halikupunguza ubishi hata chembe.

Wenye benchi walikuwa wanne. Fundi viatu mwenyewe hakuwa na upande, kwa kuwa alishona viatu vya mpira vya shule zote mbili. Akiulizwa, husema yeye anaujua mchezo kwa upande wa soli tu. Kinyozi, ambaye chumba chake kiko ukuta kwa ukuta na kibanda, alikuwa mtu wa Chini kufa na kupona, na wateja wake walikwishazoea kuachwa na kichwa nusu huku yeye akitoka nje kumjibu mtu. Mwalimu mstaafu wa jiografia alikuwa wa Juu, alikofundisha hadi sauti ikamkwama. Na Mizani alikuwa katikati, ndiye wa kuamua. Hakuna aliyemchagua. Ilikuwa tu kwamba wengine wakisema, husemwa tena. Mizani akisema, watu hunyamaza kidogo, halafu huhamia mada nyingine.

Kunyamaza huko kudogo ndiko alikoishi nako baada ya kustaafu. Kwingine kote alikuwa mzee mwenye kofia.

Macho yalianza kufifia kutokea pembeni. Watu walimtokea ghafla ubavuni, wakamlaumu kwamba hapokei salamu. Alijigonga kwenye mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Hospitalini daktari wa macho, binti mdogo mwenye upole wa kikazi, alimwambia ni presha ya macho, na kwamba amechelewa.

"Kilichokwenda kimekwenda, baba," alisema. "Tunalinda kilichobaki."

Kilichobaki kilikuwa kama kutazama dunia kupitia gazeti lililokunjwa, na baadaye gazeti lenyewe likaingia ukungu. Mlango aliuona. Uso wa mtu aliuona akiletewa karibu. Mpira, ambao una tabia ya kutotulia, ulimtoka kabisa.

Siri hiyo aliijua mkewe peke yake, kwa kuwa ndiye aliyemtia matone asubuhi na jioni, amemkalisha kwenye kiti cha varandani na kumshika kidevu. Binti yao, ambaye hufanya kazi mji mwingine, aliambiwa nusu.

"Nitaacha benchi," Mizani alisema jioni moja, matone yakimtiririka mashavuni. "Nitawaambia nimechoka."

"Ukiacha benchi utakaa wapi mchana?"

"Hapa."

"Hapa na mimi? Mchana kutwa?"

"Sasa nikakae wapi?"

Mkewe alifunga kichupa cha dawa, akakirudisha kwenye kikombe chake juu ya dirisha. "Basi Jumamosi tunakwenda wote," akasema. "Mimi nitatazama. Wewe utasema."

Hakuwa anajua mpira. Katika miaka yote ya ndoa alichokuwa amejifunza ni kwamba siku za mechi chakula huliwa kikiwa kimepoa. Mechi ya kwanza aliitazama kwa namna yake, akinong'ona chini ya mwavuli mkubwa mweusi aliouchukua makusudi ili watu wasimwone midomo.

"Wale wenye fulana za njano mbona hawapewi mpira?"

"Hao ni wa akiba. Wamekaa?"

"Wamekaa."

"Basi waache. Wa Chini wanafanya nini?"

"Wanagombana."

"Na nani?"

"Wenyewe kwa wenyewe."

Mizani akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hiyo ilikuwa taarifa sahihi kabisa ya safu ya ulinzi ya Chini kwa miaka kadhaa.

Benchini mkewe walimwita Shemeji, na walipomwona anafuatana na mumewe kila Jumamosi hawakumwacha salama. Alisema daktari amemwambia atembee kwa ajili ya presha, na kwa kuwa presha ilikuwepo, ingawa si yake, uongo huo haukumsumbua. "Mizani siku hizi anatembea na mlinzi," Kinyozi alitangaza. "Amesikia Juu wanataka kumnunua." Shemeji akamjibu kwamba wakija na bei nzuri atawauzia yeye mwenyewe, tena bila risiti.

Ilichukua wiki chache watu kugundua kwamba Mizani amebadilika. Zamani alizungumza kama ripoti: fulani mzito upande wa kulia, fulani ana pumzi ya kipindi kimoja. Sasa maneno yake yalikuwa na nyama. Msimu ule mjadala wote ulikuwa juu ya vijana wawili. Kijiko alikuwa winga wa Chini, mguu wake wa kushoto ukichota mpira kutoka mahali ambapo wengine hawakujua upo. Hakimu alikuwa kiungo wa Juu, mrefu, asiye na haraka, ambaye kila pasi yake ilitolewa kama hukumu. Ilisemekana kombaini itachukua mmoja tu kati yao.

"Kijiko anakwenda, mtu apende asipende," alisema Kinyozi, kitana kikiwa bado mkononi. Ndani mteja wake alikuwa akimsubiri na shavu moja lenye povu.

"Kijiko ana mguu mmoja," alisema Mwalimu.

"Huo mmoja unawatosha mabeki wenu wote."

"Hakimu anauona uwanja mzima. Huyo ndiye mchezaji. Nyie mnapenda vumbi."

"Anauona kwa kuwa amesimama, Mwalimu! Hata tangi lenu la maji linauona uwanja mzima, mbona hamlivalishi jezi?"

Fundi viatu alicheka hadi akatema misumari aliyokuwa ameibana midomoni. Mwalimu, ambaye alikuwa na heshima yake, akamgeukia mwamuzi. "Mizani, tuondolee huyu."

Mizani aliivua kofia, akaiweka gotini. Halafu akasema, "Kijiko anakimbia kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Atafika, na atawahi, lakini akishaepua hana shughuli nyingine. Hakimu haukimbilii mpira. Anausubiri uje umsalimie, kisha anauuliza habari za huko ulikotoka."

Benchi likanyamaza. Kutoka ndani mteja aliyenyolewa nusu akasema, "Kweli kabisa," bila kuonekana.

"Mzee, umeiva," Kinyozi alisema kwa huzuni, maana alijua ameshindwa na hajui ameshindwa wapi.

Jioni Mizani alitoa taarifa varandani. "Nimeitumia ile ya maziwa."

"Wakasemaje?"

"Wamenyamaza."

Mkewe matone ya jioni ile aliyatia taratibu kuliko siku zote. Walikuwa wameoana muda mrefu, wamelea mtoto, wamezika wazazi wa pande zote mbili, na mazungumzo yao kwa miaka yalikuwa yamebaki juu ya chumvi na paa linalovuja. Sasa walikuwa na jambo la kuzungumza. Walizungumza juu ya beki wa kushoto wa Juu na kama ana mama. Walibishana.

"Alianguka au alisukumwa?" Mizani huuliza njiani.

"Alisukumwa."

"Unasema hivyo kwa kuwa Kijiko umeshamfanya mwanao."

"Nimesema alisukumwa. Kama huamini, tazama mwenyewe."

Kisha wote wawili husimama kidogo, kila mmoja akingoja kuona kama mwenzake ameumia, na mwishowe hucheka. Mizani hakuwa na njia ya kuhakiki. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa akitoa vipimo ambavyo hakuvisoma mwenyewe, na kila alipovitoa alijua kwamba ile sheria yake, pale pale alipokaa, inamtazama. Siku benchi likijua, hatakuwa na neno tena. Na neno ndilo alilokuwa amebakiwa nalo. Alikuwa amekwishapiga hesabu ya hilo. Hakuwa amepiga hesabu kwamba mkewe ataondoka kwanza.

Ilianza na kikohozi baada ya mvua za kati ya muhula. Aliambiwa apumzike, akapumzika kwa kufagia taratibu. Kikohozi kikashuka kifuani, na walipomfikisha hospitali wakamlaza wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na dirisha, ambalo lilikuwa limepakwa rangi nyeupe hadi nusu ili watu wasichungulie. Mizani alikaa kwenye kiti cha plastiki tangu mlango wa wageni ulipofunguliwa hadi wauguzi walipomfukuza kwa heshima.

Jumamosi ya nusu fainali mkewe alimuuliza kama hasikii filimbi. Uwanja hauko mbali na hospitali.

"Nasikia."

"Kwa nini hujaenda?"

"Nikamuone nani?"

"Nenda hata ukasikilize," alisema, akivuta pumzi katikati ya maneno. "Kijiko anachechemea. Mguu uleule wa kushoto. Mechi ile ya mwisho sikukwambia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema benchini. Wangeyabeba maneno hadi kwa mwalimu wao wa michezo, mtoto akaachwa nje."

Mizani aliupokea ushahidi huu kwamba mwamuzi wa benchi alikuwa amenunuliwa, na bei yake ilikuwa mtoto wa watu anayechechemea. Alimshika mkono mkewe. Hakwenda uwanjani. Jumatatu, kabla ya saa ya wageni, muuguzi alikuja kumtafuta pale getini.

Mazishi yalikwenda kama mazishi yanavyokwenda pale ambapo watu wanamheshimu mfiwa na hawamjui sana marehemu. Benchi lilifanya kazi yake. Kinyozi alihangaika na usafiri na viti, Fundi viatu alisimamia kaburi, na Mwalimu alipewa nafasi ya kusema machache, akasema mengi. Alisema marehemu alikuwa mke aliyempenda mumewe kiasi cha kustahimili mpira wa miguu. Watu wakacheka kidogo, kicheko kile cha msibani kinachoomba radhi chenyewe. Mizani alikuwa amekaa mbele na kofia yake mapajani. Hakulia. Alikuwa akifikiri kwamba mkewe wanamzika kwa cheo kisicho chake, kama mtaalamu aliyezikwa kama msindikizaji, na anayeweza kusahihisha ni yeye peke yake, na hatasahihisha.

Binti alibaki siku chache akifungasha vitu. Alitaka baba yake ahamie kwake.

"Baada ya fainali," alisema Mizani.

"Fainali ya nini, baba?"

"Ya shule."

Binti akamtazama kama anayempima homa. "Baba, wewe huoni."

"Sijasema nitaona. Nitakuwepo."

Fainali ilikuwa Juu na Chini, kama ilivyotakiwa na kila mwenye akili timamu. Mizani aliufuata ukuta wa kiwanda cha mbao kwa mkono hadi ulipoisha, akavuka barabara kwa kuisikiliza, akasimama mahali pake karibu na mstari wa kati. Watu walimsalimia kwa sauti ya chini. Walisogea wakamwachia nafasi, na upande wake wa kulia, pale ambapo palikuwa na mwavuli mweusi, hakuna aliyethubutu kusimama. Ilikuwa heshima kubwa. Pia ilikuwa na maana kwamba hakuna mtu aliyekuwa karibu naye kiasi cha kumnong'oneza chochote.

Filimbi ikalia. Mizani alisikiliza kwa bidii ya mtu anayefanya mtihani wa lugha asiyoijua. Miguu ilipita mbele yake kwa kishindo na kuondoka. Mpira ulipigwa, ukapigwa tena, kwa mbali. Watu wakanguruma. Akangoja kujua wamengurumia nini, lakini Juu na Chini wamezaliwa katika mji mmoja na hunguruma kwa lafudhi moja. Huenda lilikuwa goli. Huenda mlingoti ndio uliogongwa. Mara moja mtu alimpiga bega kwa nyuma akipiga kelele, "Mizani, umeiona hiyo!" na Mizani akasema, "Nimeiona."

Kipindi cha pili alijaribu kufanya kazi ya mkewe. Alifumba macho, kwa kuwa hayakumsaidia kitu, akajaribu kumtengeneza Kijiko mwenye mguu unaouma: angesema anakimbia kama nani? Hakupata. Katika misimu miwili hakuwahi kumuuliza mkewe maneno yale huyatoa wapi. Aliyachukua tu, kama mtu anavyochukua chai mezani.

Filimbi ya mwisho ilipolia watu waliingia uwanjani kwa wingi, wakiimba, na yeye akabaki amesimama kwenye mstari bila kujua ni nani wanaoimba. Njiani mtu mmoja alimwambia, "Pole, mzee." Hakujua ni pole ya mke au ya ngao. Akashukuru. Angeweza kumuuliza, lakini Mizani kuuliza matokeo ya mechi aliyotoka kuitazama lingekuwa jambo la kufika kwa fundi viatu kabla yake. Akalala bila kujua nani ameshinda.

Kesho yake benchi lilikuwa limejaa mapema. Kinyozi alikuwa amefunga chumba chake kabisa, jambo ambalo hakulifanya hata sikukuu. Walimpisha Mizani mahali pake, na mjadala ukasubiri, maana baada ya fainali wa kufungua alikuwa yeye.

Alikuwa amejiandaa. Alikuwa na sentensi moja safi kuhusu walioshinda kustahili na walioshindwa kutokata tamaa, sentensi inayofaa mechi yoyote, ambayo viongozi huitumia miaka nenda miaka rudi bila kushtakiwa. Akaifungulia mdomo. Lakini Kinyozi alimwahi, kwa nia njema kabisa.

"Mzee, pole tumeshakupa. Leo hatutaki unyonge. Tupe ile namna yako. Tangu Shemeji atuache hatujapata neno la maana hapa. Ile namna yako ya maziwa."

Mizani akafunga mdomo. Fundi viatu alikuwa anapiga msumari. Ukaingia wote, akachukua mwingine.

"Haikuwa yangu," Mizani alisema.

"Nini haikuwa yako?"

"Ya maziwa. Ilikuwa yake."

"Alikuazima moja," alisema Mwalimu kwa upole. "Hata sisi wake zetu hutu..."

"Zote, Mwalimu. Mimi sioni. Huu msimu wa pili sioni. Nasimama pale, yeye ananitazamia, mimi nawaletea nyie."

Nyundo ya Fundi ikasimama.

"Ile ya mpira kuja kusalimia?" Mwalimu aliuliza.

"Yake."

"Ya kipa anayedaka kama aliyepewa mtoto aliyelowa?"

"Yake. Hiyo mlicheka sana. Nilimwambia, akafurahi."

Kinyozi alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa ukipiga hesabu ndefu. "Ngoja kwanza," alisema. "Mimi misimu miwili nashindwa ubishi hapa. Nashindwa na Shemeji?"

"Ndiyo."

"Ambaye alikuwa upande gani?"

"Wa Kijiko."

"Wa kwetu! Jamani, mtu wa kwetu mwenyewe! Mzee, hii ni dhuluma. Nadai mabishano yote yarudiwe, tangu la kwanza. Nitamjibu moja moja..."

"Mjibu," Mizani alisema. "Nenda kamjibu."

Hakusema kwa sauti kubwa. Kinyozi akakaa. Na hapo, kwenye ubao juu ya matofali, watu wakipita barabarani na ndoo zao na baiskeli zao, Mizani akalia kilio ambacho hakukilia makaburini. Hakujifunika uso. Labda alisahau kwamba wengine wanaona. Hakuna aliyemwambia jikaze. Mwalimu alitazama tangi la maji kule mlimani kwa muda mrefu, kama mtu anayehakiki ramani.

Aliyesema kwanza alikuwa Fundi viatu, ambaye kwa kawaida hakutoa maoni. "Sheria inasema kuwepo uwanjani," alisema, akiitazama soli iliyokuwa mkononi. "Jana ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Tangu filimbi ya kwanza?"

"Hadi ya mwisho."

"Basi kuona hakumo kwenye sheria. Sema."

"Ni kweli, neno kuona halimo," alisema Mwalimu haraka, akiwa na furaha ya mtu aliyepata mlango. "Kwa maana ya maneno yenyewe..."

"Niliitunga mimi," alisema Mizani. Alijifuta kwa kofia. "Nilimaanisha kuona. Sina neno. Na yale ya misimu miwili mjue mwenyewe wake ni nani, mkiyasema myaseme kwa jina lake." Kisha akaweka mikono magotini, kama wanavyokaa wasiokuwepo uwanjani. Alikuwa amefika pale alipopaogopa, na alipokaa vizuri, akasema tena, kwa sauti ya mtu anayejua anavunja kitu: "Ila naomba kuuliza. Nani ameshinda?"

Hapo ndipo walipoelewa. Kwa sababu mtu kutoona ni jambo moja, lakini kwamba alisimama pale hadi mwisho, akarudi nyumbani peke yake, akalala na nyumba ile tupu bila hata kujua matokeo, hilo Kinyozi lilimwondoa kwenye benchi kabisa.

"Njoo huku," alisema. "Hapana, kaa hapohapo. Nakuletea."

Akaanza kuchukua viatu. Alichukua vya kiume na vya kike, vilivyoshonwa na visivyoshonwa, bila kumuuliza Fundi, akavipanga chini mbele ya miguu ya Mizani. Gundi ilikuwa bado mbichi kwenye vingine. Akapiga magoti kwenye vumbi, akachukua mkono wa mzee akauweka juu ya kiatu cha shule chenye kisigino kilicholiwa upande mmoja.

"Huyu Kijiko. Anachechemea, Mzee, tangu dakika ya kwanza anachechemea."

"Najua," alisema Mizani.

"Hakimu ni hiki kirefu. Mwalimu, sogeza beki wako, kwani jana alikuwa hapo? Usituletee uongo. Sasa, bado hakuna goli. Mpira uko kwa Hakimu, shika. Amesimama."

"Hakusimama," alisema Mwalimu, naye akiinama kwa shida ya mgongo. "Alikuwa anafikiri."

Mizani aliupitisha mkono kwenye viatu taratibu, kimoja kimoja. Mwanamke mmoja alifika kuchukua kiatu chake, cha bluu, kilichokuwa kimesimama langoni mwa Juu. Fundi viatu alimwomba asubiri pembeni kidogo, maana kipindi cha kwanza kilikuwa hakijaisha.